Maua ya bustani kuyakausha Dar: kwa nini yangu yanaota ukungu?

BintiTabata
Wakuu habari. Mi ni mpenzi wa maua, hapa kwangu Tabata nna kibustani kidogo pembeni ya ukuta, waridi miche minne, bogenvilia, na yale maua ya mviringo ya zambarau yanayokaa kama vifungo vya koti, jina lake sijawahi kulijua. Sasa dada yangu yuko Arusha, yeye akikata waridi zake anafunga uzi anazining'iniza jikoni kichwa chini, wiki mbili tatu anashusha maua makavu ukiyagusa yanalia kra kra na rangi bado ipo, kayaweka kwenye mtungi sebuleni ukiingia unajua kanunua.

Mi nimefanya hivyohivyo. Uzi uleule, kichwa chini vilevile. Siku ya sita nayagusa yamelegea kama mchicha wa jana, siku ya kumi nachungulia katikati ya ua naona manyoya ya kijivu. Ukungu! Nimerudia mara tatu tangu Machi. Nimeshaamua kwamba Dar maua hayakauki, yanaoza tu. Kama kuna aliyefanikiwa aje na ushahidi.

ChumviNyingi
Dada mwezi wa nne huu hata jinzi haikauki itakua waridi

MzeeWaUkonga
Binti hilo halina mjadala, ni hewa. Arusha iko juu huko mita kama 1400, kuna ubaridi na hewa kavu. Sisi tuko usawa wa bahari na alfajiri unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 80, sasa ua litatoa maji yake liyapeleke wapi wakati hewa yenyewe imeshiba? Angalia chumvi yako jikoni, ukiiacha wazi asubuhi imeganda donge. Subiri Juni masika yakishapita, upepo wa kusi ukikaa vizuri, kuanzia hapo mpaka Septemba ndo kausha. Sa ivi unajitesa.

FundiMaua
Mzee shikamoo, ila hapa sikubaliani na wewe. Nauza maua mwaka wa tisa huu na hewa inasingiziwa sana. Mleta uzi nijibu, unakata saa ngapi? Maana watu wengi wanakata alfajiri ua limejaa umande mpaka kwenye shingo, wanalifunga bichi na kulowa. Kata saa nne asubuhi umande umeshakauka, na ua liwe limefunguka nusu tu. Likishafunguka lote ukilikausha litapukutika ubaki na kijiti. Majani yote toa. Halafu usifunge furushi kubwa, funga matano matano na uyapishanishe vichwa visibanane, ukungu unaanzia katikati ya furushi pale upepo haufiki.

BintiTabata
@FundiMaua umenishika pabaya. Nakata saa 12 na nusu kabla sijatoka kwenda kazini, na furushi moja lilikua na maua kama 20 😅 Lakini dada naye anafunga furushi kubwa tu mbona yake hayaozi?

MzeeWaUkonga
Marahaba Fundi. Na wewe binti umeshajijibu. Kosa ni lilelile, Arusha linasameheka, huku halisameheki. Hewa.

DogoMbagala
Si uweke kwenye mchele kama simu iliyoingia maji

MamaPacha
Mchele afadhali. Mimi mwaka juzi niliona video ya mzungu anafukia maua kwenye unga wa mahindi, anachanganya na unga fulani mweupe unaitwa boraksi, anaacha wiki mbili anatoa ua zuri kabisaa. Huo mweupe sikuupata nikasema sembe ipo inatosha, nikamwaga kilo mbili nzima kwenye boksi la viatu, nikafukia gerbera sita nikasukuma chini ya kitanda. Wiki ya tatu usiku nasikia kitu kinakwaruza. Kufungua, fukusi wamejaa, unga wenyewe umeshikana kama ugali uliolala na ule unga sikuweza hata kumpa kuku. Gerbera nilikuta viini vitupu. Mume wangu mpaka leo tukila ugali ananiuliza huu ni wa mboga au wa maua.

ChumviNyingi
HUU WA MBOGA AU WA MAUA 🤣🤣 uzi uishie hapa

MlimaniBotani
Uzi mzuri, ngoja niweke mambo mawili sawa maana nimesoma mimea pale Mlimani na kukausha ndo ilikua kazi yetu ya kila siku (ila sisi tulikua tunabana kwenye magazeti, unabadilisha gazeti kila siku, ua linatoka bapa kama chapati).

@DogoMbagala mchele unanyonya maji kidogo sana. Hata kwa simu, iliyopona ilipona kwa sababu uliizima ukaiacha itulie. Kitu chenye nguvu ni silika jeli, zile punje zinazokuja kwenye vipakti ndani ya boksi la viatu. Gramu 100 zinaweza kubeba maji gramu 30 na zaidi. Unazika ua kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, ukifunga hakuna hewa inaingia, siku tatu mpaka wiki limekauka na umbo lake. Kuna zenye rangi, za bluu zikishiba maji zinageuka pinki, za machungwa zinageuka kijani. Zikishiba unazirudisha kwenye oveni kwenye nyuzi kama 120 zinakua mpya tena. Za bluu rangi yake ni kobalti, usizichezee kwa mikono mitupu, na zile laini kama unga vaa barakoa.

Na @MamaPacha sembe inavuta maji kidogo halafu ni chakula, hao fukusi umewaalika mwenyewe kwa kadi.

DogoMbagala
Mkuu vipakti vya boksi la viatu nahitaji kununua viatu pea ngapi

MlimaniBotani
Hamsini, ndo upate waridi moja 😂 Ulizia maduka ya vifaa vya maabara, au wale wanaouza kwa kilo mtandaoni. Bei sitaji maana kila mtu ana yake.

Nahodha_K
Mbona mnahangaika na vya kununua wakati Mungu katupa mchanga? Bibi yangu Kigamboni alikua anakausha maua kwenye mchanga, boksi, mchanga chini, ua, mchanga juu. Nimejaribu mwenyewe mwezi uliopita nikachota pale pale ufukweni. Ila sasa nimekuta mchanga umelowa kuliko nilivyouweka, na nyumba haivuji. Hapo ndo sijaelewa.

MlimaniBotani
Umeuosha?

Nahodha_K
Mchanga unaoshwaje mkuu

MlimaniBotani
Hahaha. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi inavuta maji ya hewani (Mzee wa Ukonga kasema hapo juu kuhusu chumvi ya jikoni, ndo ileile). Kwa hiyo ulifukia ua kwenye kitu kinacholimwagilia. Osha na maji ya bomba mara nyingi mpaka ukionja maji hayana chumvi, uanike juani mpaka ukichota kiganjani unapita katikati ya vidole kama sukari. Bibi yako nina uhakika aliosha ila hukuwepo wakati anaosha, ulikuja kula ubuyu.

Halafu watu wanachanganya hapa. Mchanga haunyonyi maji, unalishikilia ua lisijikunje wakati lenyewe linatoa maji yake taratibu. Ndo maana boksi la mchanga linaachwa WAZI, na kopo la silika LINAFUNGWA. Ukifunika la mchanga umepika.

Nahodha_K
Nilifunika na nikaweka tofali juu 🙆🏾‍♂️

Bi_Asumini
Nawasoma tu hapa nacheka. Sie tuliozaliwa na maua, asumini likifika jioni halijageuka rangi ndo lishavaliwa, kikuba chako kina asumini, rehani, mkadi, na vipande vya waridi, asubuhi limekua kahawia unatupa unasuka jengine. Ua kazi yake kunukia. Hilo kavu la nini, halinuki halina maji? Na bibi zetu walikua wakisema maua makavu usiyaweke ndani yanaleta ukiwa.

MamaPacha
Bi Asumini mama, ukiwa ninao tayari nna pacha wa miaka miwili na gerbera hazikuniletea, hao watoto wamekuja wenyewe 😂

FundiMaua
Na waridi kavu mbona mnalichanganya na udi Bi mkubwa

Bi_Asumini
Hilo sawa, hilo ni la kufukiza. Si pambo.

Kaka_Mbezi
Mi najitokeza na ushahidi aliouomba mleta uzi. Nakausha hapa Mbezi tena mwezi wa tano mvua inapiga, nafungia chumba kimoja nawasha AC usiku. Kwisha habari. Anayebisha aende nje aangalie lile bomba la AC linavyodondosha, mi naweka ndoo na asubuhi nakuta imejaa mpaka nusu. Hayo maji yote yalikua chumbani kwako kwenye hewa, yalikua yanasubiri waridi lako.

ChumviNyingi
Umeme wa kukausha waridi kumi si bora ununue ya plastiki Kariakoo

DogoMbagala
Feni je? AC sina

Kaka_Mbezi
Feni ni AC ya maskini inafaa tu

MzeeWaUkonga
Hapana, usimdanganye dogo. Feni haitoi maji kwenye hewa, inaizungusha tu. Inasaidia kwa sababu inaondoa ile hewa iliyolowa inayoganda pembeni ya ua, lakini hewa ya chumba ikiwa imeshiba unazungusha unyevu uleule. Mwezi wa saba feni ni mali. Mwezi wa nne ni kelele.

Salma_Kino
Mbona hamna aliyesema juani? Nguo tunaanika juani, dagaa tunaanika juani, hata mpunga. Maua mnayaficha kizani kama ya wizi

FundiMaua
Salma jua linakausha kweli ila linakula rangi. Bogenvilia ukiianika siku tatu inatoka nyeupe kama karatasi ya sigara. Giza na upepo. Kabatini, stoo, ila stoo yenye dirisha.

Salma_Kino
Bogenvilia yangu niliianika ndani ya kitabu cha simu cha zamani ikatoka na pinki yake, petali nzima nzima nzuri sana

MlimaniBotani
Ndani ya kitabu ni giza hilo dada, umekubaliana na Fundi bila kujijua. Na hizo sio petali. Ua la bogenvilia ni kile kijiua cheupe kidogo cha katikati, kama kijiti cha kiberiti. Hizo za rangi ni majani yaliyogeuka rangi kulizunguka. Ndo maana yanakauka kirahisi, hayana nyama wala maji mengi kama waridi. Vile vifungo vya zambarau vya mleta uzi navyo hivyohivyo, rangi unayoiona ni magamba, yanakua kama karatasi hata yakiwa bado kwenye mche.

Nahodha_K
Nimeishi miaka 40 naita petali

MlimaniBotani
Na jina lenyewe la Mfaransa, Bougainville, nahodha mwenzako. Alizunguka dunia kwa meli miaka ya 1760, mtaalamu wake wa mimea Commerson ndo alilikusanya kule Brazil mwaka 1767. Msaidizi wa huyo Commerson alikua mwanamke, Jeanne Baret, amevaa nguo za kiume kwa sababu meli za jeshi lao zilikua hazibebi wanawake. Siri ilifumuka Tahiti 1768. Ndo mwanamke wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia nzima. Kuna wanaosema ni yeye aliyelichuma lile ua kwa mkono wake kwa sababu bosi alikua anaumwa mguu, hilo halina uthibitisho.

ChumviNyingi
Tulianza na ukungu Tabata sa ivi tuko Tahiti

Salma_Kino
Mwanamke anazunguka dunia kajifunga kifua anabeba mizigo ya bosi mgonjwa, ua linaitwa jina la nahodha. Sawa.

Kaka_Mbezi
Kwa historia hiyo mbona hamtaji Misri, kwenye kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa 1922 walikuta mashada ya maua juu ya majeneza, miaka zaidi ya 3000 na bado unatambua ua gani. Hakuna silika wala AC.

MzeeWaUkonga
Misri ni jangwa kijana. Umenisaidia hoja. HEWA.

FundiMaua
Mzee umeng'ang'ana na hewa kama imekutuma 😂 Haya nielezee hii, mteja wangu wa Upanga na mteja wangu wa Upanga, mtaa mmoja, nimewauzia waridi za siku moja ndoo moja, mmoja zimekauka mmoja zimeoza. Hewa si ni ileile?

MzeeWaUkonga
Ghorofa ya ngapi?

FundiMaua
Aaah mzee.

Rehema_Tz
Naomba niulize na mimi, waridi zangu hazioti ukungu, zinakauka vizuri tu ila nyekundu zinatoka nyeusi kama damu ya zamani. Nilitaka niweke kwenye fremu na picha ya harusi sasa inaonekana kama msiba.

MlimaniBotani
Nyekundu ndo tabia yake, ile rangi iliyokua imeyeyuka kwenye maji ya ua inabanana maji yakiondoka, jicho lako linaiona nyeusi. Kausha za pinki, zitakaribia kuwa nyekundu. Njano na machungwa zinabaki vizuri zaidi. Nyeupe zinaelekea rangi ya maziwa ya chai.

FundiMaua
Mi naamini ni uzee wa ua. Waridi linalofika Dar limesafiri kutoka huko juu Arusha siku kadhaa, limekaa kwenye ndoo, ukilinunua limeshachoka. La bustanini mwako likikatwa jana haligeuki jeusi hivyo.

Rehema_Tz
Zilikua za bustanini 🙃

MamaPacha
Kuna mtu alinambia spreyi ya nywele ukipuliza inashika rangi

Rehema_Tz
Nilipuliza. Zimekua nyeusi zinazong'aa.

Salma_Kino
Na gliserini? Maduka ya dawa ipo bei rahisi, fungu moja gliserini mafungu mawili maji ya vuguvugu unasimamisha vijiti humo vinanyonya

MlimaniBotani
Hiyo ni ya majani zaidi kuliko maua, jani linabaki laini linakunjika halikatiki. Ila kwa Dar angalia, likinywa gliserini kupita kiasi na hewa ikiwa imelowa linatoa jasho. Nimewahi kukuta tone limeshuka mpaka kwenye kitambaa cha meza cha mama. Sikuulizwa mara ya pili.

(wiki tano baadaye)

BintiTabata
Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya, nilikua nafanya utafiti 😎 Nilikata waridi za pinki saa nne Jumamosi, nusu zimefunguka kama Fundi alivyosema, nikagawa matano matano sehemu tatu. Furushi la kwanza kibarazani kwenye upepo. La pili nimelining'iniza ukutani nyuma ya friji pale juu panapotoka joto. La tatu kopo la silika, nilipata ya machungwa.

Kibarazani, ukungu siku ya nane. Matano tu, hayana umande, hayana majani, na ukungu umeota.

Nyuma ya friji yamekauka siku kumi na mbili kra kra kabisa, ila yamekunjamana kama uso wa mtoto anayelia, na moja lina matobo, nimekuta kijidudu kidogo cha kahawia kama cha kwenye maharage.

Silika sasa. Siku ya tano nimefungua kopo nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Ua liko vilevile kama jana nimelikata, petali imesimama, rangi imekolea tu kidogo. Nikayapanga kwenye mtungi sebuleni, nikampigia dada wa Arusha video. Siku ya tisa naingia kutoka kazini, mvua ilikua imenyesha mchana kutwa madirisha wazi, nakuta yote matano yameinamisha vichwa. Yamelegea! Ua kavu limelowa tena lenyewe bila kuguswa na tone la maji.

MzeeWaUkonga
Sina la kuongeza.

FundiMaua
Mzee subiri usicheke. Kibarazani kwake ni wapi, kuna bomba la maji pale anafulia? Na ya friji yamekauka Dar hii hii, hewa hii hii.

MzeeWaUkonga
Friji imeipasha hewa moto ikapunguza unyevu. Ni hewa.

MlimaniBotani
Kwa ya silika, ungeyafungia kwenye kioo kilichozibwa na kipakti kimoja chini, yasingelala. Na lile lenye mdudu litie kwenye mfuko ufunge uliweke friza siku kadhaa kabla hajazaa ukoo, usilichanganye na mengine.

Kaka_Mbezi
AC wakuu. Nimesema.

BintiTabata
Nimesahau kusema, vile vifungo vya zambarau nilivikata siku hiyohiyo bila mpango nikavitupia kwenye kikombe juu ya meza, sijaning'iniza wala sijazika. Viko vilevile mpaka leo, rangi ileile, mvua ile havikujua hata kama imenyesha. Hivyo ndo viko sebuleni sasa hivi.

Bi_Asumini
Vinanukia?

BintiTabata
Hapana bibi 😅

Bi_Asumini
Haya.

DogoMbagala
Dada hizo mbegu za vifungo unauza? Mi sina AC wala friji ya kuegemea, nadhani nimepata ua langu

BintiTabata
Siuzi, nagawa. Unalisugua kavu kiganjani, mbegu ziko ndani zimefunikwa kama pamba. Njoo Jumamosi na kikopo chako, ila uje baada ya saa nne, FundiMaua anasoma hapa.